Deni la Landover

Vyama vyetu vya Watanzania huku ughaibuni vilipoungana kuwa kimoja, sisi wa Rockville tulishangilia umoja mpaka wenzetu wa Landover walipotaja deni lao. Walikuwa wamemsafirisha marehemu wao kwenda kuzikwa nyumbani kwa mkopo, na mjane aliyeusaini alikuwa akiulipa kwa kazi mbili za kulea wazee, mchana na usiku. Sasa waliomba chama kipya kiubebe.

Sisi deni letu la msiba tulishalimaliza, kwa kuuza maandazi na kwa kusumbuana kwenye simu. Nikasimama mkutanoni nikasema kila mtu alipe lake.

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, dada," akanijibu mwenyekiti, mtu asiyejua kunong'ona hata matangani.

Nyumbani nilitegemea kuonewa huruma. Binti yangu, macho kwenye simu yake, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida kwamba kisa changu ndicho somo lao la historia la wiki ile shuleni. Nchi hii ilipokuwa changa, serikali mpya ilitaka kubeba madeni ya majimbo yote, na yale yaliyokwisha kulipa yakanuna. Wakubwa wakala chakula cha jioni pamoja, walionuna wakapewa mji mkuu karibu nao, hapahapa kwenye mto Potomac, wakanyamaza.

"So ask for something, Mama," akamaliza, yaani nami nidai kitu.

Nikadai. Sisi na wa Landover tulikutana Columbia Heights kwa rafiki yetu Mkenya, asiye wa Rockville wala wa Landover. Kabla pilau haijaisha, tulikuwa tumekubaliana: chama kitabeba deni, na mikutano yote itafanyika Rockville. Nilirudi nyumbani najiona mwasisi wa taifa, nikaanza kuandaa hotuba.

Kwenye mkutano wa kwanza, mjane alikuja. Alikuwa ameacha kazi ya usiku, na kabla ya siku hiyo hatukuwahi kumwona kikaoni hata mara moja.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Leo nimepata nafasi."

Akakaa kiti cha mbele. Sala ya ufunguzi haijafika kwenye amina, akawa amelala, kichwa ukutani, mkoba mapajani.

Nilimfunika kwa kanga yangu. Hotuba nikairudisha kwenye pochi. Mwenyekiti akafungua kinywa, akamtazama, kisha akaendesha mkutano wote kwa kunong'ona.