Nilimnyamazia Mkwe Wangu Hadi Landrova Ikazama

Kosa ni langu. Watu wa kwetu wanasema ni mvua. Mkwe wangu anasema ni yeye na uendeshaji wake mbaya. Miaka tisa nimewaacha waseme hivyo, na mimi nikitingisha kichwa kama mtu asiyejua kitu.

Jina langu siweki. Niko na aibu, na kanisani mimi ndiye hukaa benchi ya mbele. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo mnivumilie mwandiko.

Mimi ni Mkamba wa upande wa vilima hapa Machakos. Kwetu kuna heshima inaitwa nthoni. Mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Mkikutana njiani mmoja anapita kando. Hamshikani mkono, hamkai kiti kimoja, na kama kuna jambo, linapita kwa mdomo wa mtu mwingine. Wasichana wa siku hizi wanaicheka. Mimi sikuicheka. Nilikuwa na wakwe watatu na hakuna hata mmoja alikuwa amewahi kuona meno yangu. Kijiji kizima kilijua. Wengine wanajivunia ng'ombe wa gredi, mimi nilijivunia nthoni.

Mkwe ninayemsema alioa kitinda mimba wangu. Ni mtu wa Masinga, alikuwa akiuza samaki wa bwawa kwa Landrova moja kuukuu aliyoinunua mnadani. Ana mdomo! Siku walipoleta mbuzi za mahari aliwaambia wanaume huko nje kwamba hiyo gari halijazaliwa tope la kuishinda. Nilimsikia nikiwa jikoni. Nikajisemea, huyu siku moja atanyamaza.

Sasa ule mwaka wa mvua ya Elnino, binti yangu alikuja kwangu kupumzika akiwa na mimba yake ya kwanza, miezi minane. Bwana yake akaja kumwona Jumapili. Akalala ndani ya Landrova, nje ya lango, kwa sababu mkwe halali boma langu. Alfajiri binti yangu akashikwa na uchungu kabla ya siku zake, na damu ikaanza kutoka. Damu nyingi. Mimi nimezaa saba na nimesaidia wengi kuzaa, na ile damu niliiogopa.

Tukatandika godoro nyuma ya gari tukamlaza. Bwana yake hakuijua barabara yetu ya ndani. Yeye alikuwa amepita ile ya soko, na ile ya soko mto ulikuwa umeifunga usiku. Akamwambia mke wake aniombe nikae mbele, nimwonyeshe njia.

Nikamwambia binti yangu, "Mwambie mimi sikai hapo."

Binti yangu akapitisha neno. Nikapanda nyuma, nikakaa karibu na kichwa chake, nikajifunika shuka hadi usoni. Njia panda zikifika nilikuwa namnong'oneza, naye anamwambia bwana yake. Mtoto wangu mwenyewe anatoka damu, na mimi nimemfanya tarishi. Hebu fikiria.

Sasa sikiliza vizuri mahali kosa liko.

Kule chini karibu na silanga, lile bwawa letu la udongo, kikundi chetu cha mwethya kilikuwa kimechimba mtaro. Mwethya ni kazi ya pamoja, leo kwangu kesho kwako. Tulitaka maji ya barabarani yaingie silangani, tusikose maji wakati wa kiangazi. Mtaro ulifuata ukingo wa kulia wa barabara kama hatua ishirini, halafu ukakata kwenda majini. Mvua ikatukuta hatujaweka mawe. Tukaufunika kwa matawi na udongo mwepesi ili punda wasivunjike miguu. Mimi mwenyewe nilikanyaga udongo ule kwa miguu yangu.

Kwa mgeni, upande wa kulia ulikuwa mzuri: mwekundu, laini, hauna hata dimbwi. Upande wa kushoto ulikuwa madimbwi matupu. Lakini chini ya yale madimbwi kuna mwamba. Kila mtu wa kwetu anajua.

Nilichungulia kwa shuka nikaona pale tumefika. Nikamguza binti yangu begani, nikamwambia, mwambie ashike kushoto. Hakujibu. Uchungu ulikuwa umembana, ameuma kona ya blanketi, macho yamefungwa.

Gari ikapunguza mwendo. Nikaona kichogo cha mkwe wangu kikigeuka, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anachagua.

Neno moja tu! Ningesema hata kwa ukali. Sauti nilikuwa nayo. Nikafikiria: mimi, niongee na mkwe, uso kwa kichogo? Na nitasema yote kwa sababu nimekuja kusema yote. Nyuma kabisa moyoni kulikuwa na kisauti kingine kikiniambia, acha aone tope. Nilidhani atazama kidogo, atasukuma, ataaibika, twende. Nikashusha shuka machoni.

Akashika kulia.

Matawi yalivunjika chini yetu, nikasikia kila moja. Upande wa kulia ukashuka kama mtu aliyekatwa goti. Mkwe wangu akavuta ile gia ya magurudumu manne, akakanyaga mafuta. Gari ikanguruma, matope yakaruka hadi juu ya paa, na sisi tukazidi kwenda chini. Akajaribu kurudi nyuma. Sehemu ya nyuma ikakaa kabisa, tumbo la gari likalala kwenye udongo.

Halafu nikasikia maji.

Tulichimba mtaro ule ulete maji silangani. Basi ulikuwa unafanya kazi yake! Mvua ya vilimani iliteremka na barabara, ikaingia mtaroni, ikaanza kula udongo chini ya magurudumu ya kulia. Gari ikainama. Ikakaa. Ikainama tena. Kwa dirisha la kulia nilikuwa naona silanga tu, imejaa hadi mdomo, rangi ya chai ya maziwa. Binti yangu akateleza na godoro lake mpaka ukutani, upande ule wa majini.

Mkwe wangu akatoka kupitia mlango wa kushoto, akakimbia nyuma kufungua. Mlango ulikuwa umezama hadi kwenye kitasa, ukafunguka nafasi ya kiganja tu. Binti yangu akaingiza vidole kwenye ile nafasi, bwana yake akavishika.

Mimi nimeona njaa, nimezika mume na mtoto mmoja. Sijawahi kuogopa vile. Nilijaribu kuomba, nikasahau Baba Yetu inaanza wapi.

Mkwe akarudi mbele, akainama juu ya viti, akaninyooshea mkono ili nitoke kwanza, gari ipungue uzito nyuma. Nikauangalia ule mkono. Hata wakati ule, Mungu anisamehe, niliuangalia! Gari ikateleza tena kidogo. Nikaushika, akanivuta juu ya viti kama gunia la mahindi, nikaangukia barabarani kwa magoti. Binti yangu hakuweza kupitishwa hapo, na ile mimba na ile damu.

Mwenyekiti wetu wa mwethya, nitamwita Kamene, shamba lake linapakana na silanga. Alikuwa amesikia ile ngurumo akaja mbio na gunia kichwani. Akaangalia mtaro, akaangalia gari, akaniangalia mimi. Kamene huwa hapitwi na kitu.

"Si wewe tulichimba na wewe hapa?" akaniuliza polepole kwa Kikamba. "Ulikuwa macho au ulikuwa umelala?"

Mkwe wangu alikuwa pale pale, anasikia.

"Nilikuwa nimelala," nikasema.

Huo ndio uongo wangu. Maneno mawili.

Kamene akaenda kuleta ng'ombe wake wa plau. Mimi nikachukua jembe lililokuwa kwa gari nikapanda juu hadi mdomo wa mtaro. Nikakata mikonge na kuitupa pale, nikaongeza udongo, maji yakaubeba. Nikavua koti, nikalijaza mawe, nikalizika pale, nikaongeza udongo tena. Mikono ilitoka ngozi. Kila nikigeuka naiona ile gari imeinama, na sauti ya mtoto wangu inatoka ndani kama ya mtu aliye kisimani. Mwishowe maji yakakubali kupita upande ule mwingine.

Mkwe alikuwa amelaza gurudumu la akiba kwenye tope, akaweka jeki juu yake ili isizame, anainua upande mmoja kidogo kidogo. Akiinua, anasukuma chini ya gurudumu mawe aliyong'oa kwenye matuta ya shamba la Kamene na mashina ya mikonge. Jeki inateleza, anaanza upya. Mara mbili. Mara tatu. Yule mtu wa mdomo hakuwa na neno, alikuwa analia huku anafanya kazi, na mimi ndiye niliyetaka kumwona hivyo.

Kamene akafika na ng'ombe wanne, akafunga mnyororo wa plau mbele ya gari. Akasema mtu lazima akae mbele upande wa kushoto awe uzito, la sivyo gari ikivutwa itapinduka. Yeye ana ng'ombe wa kuongoza. Nikabaki mimi.

Nikapanda. Nikakaa kando ya mkwe wangu, bega kwa bega, matope yake na matope yangu. Kamene akachungulia dirishani, akasema, "Mama mkwe na mkwe kiti kimoja. Sasa hata nikifa leo, nimeona." Akawachapa ng'ombe.

Mnyororo ukakaza. Gari ikapanda kidogo, ndoano ikachomoka, tukarudi nyuma kwa kishindo. Nilifunga macho. Binti yangu huko nyuma akanyamaza, na hicho kimya kilikuwa kibaya kuliko kelele zake zote. Kamene akafunga tena. Safari hii nikapaza sauti, "Kushoto, mwanangu, peleka kushoto, kuna mwamba!" Akapeleka kushoto. Gurudumu likashika mwamba. Tukatoka.

Yaani lile neno lilikuwepo. Lilikuja masaa manne yakiwa yameshapotea.

Tulifika hospitali binti yangu akiwa hanijui. Walimkimbiza ndani. Mtoto alitolewa mzima, msichana, mdogo kama njiwa. Lakini damu ya mama yake ilikataa kusimama, na ili aishi wakamtoa kizazi. Hapa sina lawama kwa daktari. Mkunga alisema tu, bila kujua anamwambia nani, kwamba mgonjwa wa namna hii akifika mapema huwa wanamsaidia kwa njia nyingine.

Tulikuwa tumekaa benchi moja na mkwe wangu tukingoja, nguo zimetukaukia mwilini. Akaongea bila kuniangalia.

"Mama, nisamehe. Ungekuwa macho ungeniambia."

Nikamjibu, "Ndiyo, mwanangu."

Binti yangu alipona. Hazai tena. Aliuliza mara moja tu ilikuwaje, bwana yake akamwambia alichagua upande mbaya. Landrova aliiuza mwezi huo huo, na mpaka leo akienda mahali na gari la mtu, anakaa nyuma. Watu wa kwao Masinga walimsumbua miaka mingi aoe wa pili apate kijana wa kiume. Alikataa. Anawaambia, ni mimi nilimharibu, sasa nimwongezee uchungu? Mimi nikiambiwa hayo naingia jikoni, nawasha moto ambao sina cha kupika juu yake.

Kamene alifariki mwaka juzi. Sijui kama aliniamini. Hakuniuliza tena, lakini tangu siku ile hakuwahi kunipangia kazi ya mtaro.

Mjukuu wangu sasa yuko darasa la tatu, mahali nilipoachia mimi. Anasoma kunishinda, anaongoza darasa lao, na akija hapa hunisomea Biblia bila kukwama hata kwa yale majina marefu. Najivunia huyo mtoto kuliko kitu chochote. Na kila nikimwangalia naona mahali patupu kando yake, pa ndugu ambao wangekuwepo.

Kina mama wenzangu mlio na wakwe, sikieni mjinga aliyechelewa. Sisemi mtupe nthoni. Lakini ukimwona mtu anaelekea shimoni na wewe unalijua shimo, fungua mdomo! Nthoni ikivunjika inalipwa kwa mbuzi, mbuzi wako sokoni kila wiki. Na kama mlinyamaza, msingoje kama mimi. Nilifikiri uongo utazeeka ufe, kumbe mimi ndiye ninazeeka.

Jumamosi hii wanakuja, yeye na binti yangu. Nimeshaweka viti viwili ndani. Nitawakalisha, nitakaa mbele yao bila shuka usoni, na nitamwambia mkwe wangu kwamba siku ile nilikuwa macho.