Bugaluu ya Damu ya Mzee

Mwaka huu rangi ya pichi imetukaba koo hapa Ngarenaro. Kila kamati ya harusi inataka pichi, kuanzia gauni la mama mzazi hadi tai ya mpiga picha. Kabla yake ilikuwa zambarau, na kabla ya zambarau kijani kile cha kasuku. Sina ugomvi nazo, mimi hushona tu.

Ndiyo maana sikucheka mama mmoja mjane wa Kijenge aliponiletea suruali ya marehemu mumewe, ya rangi ya damu ya mzee. Niliitambua hata kabla hajamaliza kuikunjua.

"Mjukuu wangu anakwenda kujitambulisha ukweni," alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Bugaluu zimerudi, ati. Babu yake aliivaa hii alipokuja kwetu Makumira kunichumbia. Irudishe ilivyokuwa, mwanangu."

Aliyeibana suruali ile ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, najifunza kazi kwenye kibaraza cha baba. Bugaluu, suruali zile za miguu mipana chini, zilikuwa zimeshapitwa na wakati, na aliyezivaa alichekwa hadi kanisani, kwa hiyo mume wa mama huyu akaleta yake ipunguzwe. Baba alikuwa na sheria moja: usikate, kunja kitambaa kibaki ndani, maana watu hunenepa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi sikusikia. Niliona mikunjo inavimbisha mguu, nikachukua mkasi. Baba hakunipiga. Aliokota vipande, akavishindilia kwenye mto wa kiti cha wateja, ambako makapi yote ya kazi yetu yalikwenda.

"Mitindo hurudi," aliniambia. "Kitambaa hakirudi."

Niliichukia kauli ile kwa miaka mingi, hasa kwa sababu alikuwa sahihi.

Sasa yule mama alikuwa amekaa mbele yangu, na uongo ulinijia haraka: ningesema kitambaa kimechoka, hakivumilii sindano. Nilishindwa.

"Mama, nisamehe. Nilikata. Nilikuwa mtoto, nikajifanya najua."

Alianza kuikunja suruali polepole, akiilaza magotini, na mimi nikaona aibu hata kumtazama usoni. Nikatazama chini, nikaona kiti alichokalia.

"Mama, hebu simama kidogo."

Baba alifariki zamani, na mto ule nimeuongezea makapi na kuubadilisha foronya mara nyingi bila kuutoa matumbo. Niliuchana. Zikatoka pichi za juzi, zambarau, satini za enzi ya mabega ya sponji, krimplini ya rangi ya chungwa. Katikati kabisa palikuwa na vipande vinne virefu, vyembamba juu, vipana chini.

Nilivishona palepale, yeye akingoja. Miguu ikapanuka kama zamani, ila suruali ilikuwa imepauka kwa jua na sabuni, na vipande havikuwahi kufuliwa hata mara moja. Michirizi iliyokoza ilishuka kila mguu kuanzia gotini. Nikaanza kuomba radhi upya, nikaahidi kuichovya yote kwenye rangi ifanane.

Alipitisha kidole kwenye mchirizi mmoja, taratibu, hadi kwenye pindo.

"Usiiguse," alisema. "Nilishaisahau rangi aliyokuja nayo kwetu."