Chumvi kwenye Ugali wa Masista

Fasihi ya Kiitaliano ya siku hizi nilifundishwa jikoni kwa masista, hapa Iringa, na sista mzee wa Kiitaliano ambaye hakuvumilia uvivu hata kidogo. Siku moja nilimwambia ana bahati, riwaya hizi zimeandikwa kwa lugha ya mama yake. Akakataa. Mama yake hakujua Kiitaliano. Nyumbani walisema kilugha cha milimani kwao, na Uitaliano wenyewe aliukuta shuleni, vitabuni. Nikazidi kumpenda, maana na mimi Mhehe, Utanzania niliukuta huko huko, kwenye kitabu cha Kiswahili.

Akaingia sista mwenzake, Mwitaliano wa kusini, akaonja ugali, akauliza nani kautia chumvi. Wakagombana mpaka ukapoa. Waligombana kwa Kihehe.