Ndege Hawakuruka

Mtaniambia nilikuwa nimelala, au nimelewa. Pombe sinywi, na usingizi kwenye baridi ile ya ziwani angeupata nani? Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, na asiyetaka kusadiki aende zake.

Nilikuwa mpishi wa Mzungu mmoja, mpima ardhi wa machimbo ya dhahabu huko Geita. Alipopata likizo hakupumzika kama watu wengine. Tulivuka kwa mtumbwi hadi kisiwa kimoja chenye majabali, kwenda kutazama ndege. Si kuwinda, jamani, kutazama tu. Mchana tulipanda majabali yenye minandi, wale ndege weusi wanaopiga mbizi kuvua samaki, na alfajiri tulijificha kwenye kibanda cha matete, pale kijito kinapoingia ziwani. Humo sharti lilikuwa moja: kimya. Ukipiga chafya tu, ndege wote wameshapaa. Bwana alikwisha sema atakayewatimua hana kazi.

Siku ya nane, ndio kwanza kunapambazuka, korongo wamejaa topeni mbele yetu, akatokea mwanamke na jembe begani. Akapita katikati yao. Hakuruka hata mmoja. Unanielewa? Korongo humkimbia mtu akiwa bado mbali, lakini hawa waliendelea kudonoa miguuni pake.

Alipokaribia nikaona kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto. Kovu lile ni mimi niliyelisababisha, utotoni, nilipommwagia uji. Alikuwa dada yangu Kabula. Alifariki ghafla Shinyanga mwaka uliotangulia, na mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea.

Kwetu Usukumani wanasema mtu aliyechukuliwa na wachawi ili alimishwe mashamba yao hawezi kusema, maana wamemkata ulimi. Ila nduguye akimwita jina kabla hajampita, anarudi. Hilo hata watoto wanalijua. Na mimi nililijua.

Akasimama hatua tano kutoka kibandani. Akanitazama kupitia upenyo wa matete, akafungua mdomo, na ndani hamkuwa na ulimi. Alikuwa akingoja. Jasho lilinitoka na baridi yote ile. Ubavuni pangu Bwana ameganda na darubini yake, anawaangalia korongo walewale. Jina lilinifika kooni. Nikalimeza. Akangoja kidogo tena, kisha akainamisha kichwa, akatupita, akapotelea kwenye matete.

Baadaye nilimuuliza Bwana kama amemwona mtu. Akanishangaa.

"Angepita mtu, ndege wangeruka."

Nilijiambia nimenyamaza kwa sababu ya kazi. Uongo. Niliogopa, basi, niliogopa dada yangu mwenyewe.

Niliporudi Shinyanga nikamsimulia mama. Alisikiliza mpaka mwisho, jembe na kovu na yote, kisha akaniuliza, "Ulimwita, baba?"

"Nilimwita, mayu. Hakugeuka."

Akashusha pumzi. "Basi huyo si wangu."

Tangu siku hiyo hakumtaja tena, na amekufa akiamini hivyo. Nilirudi kisiwani peke yangu mara tatu, nikaita mpaka sauti ikanikauka, sikuona mtu. Mpaka leo sijui analima shamba la nani.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukimwona wako mahali asipopaswa kuwa, mwite jina. Kuogopa utaogopa baadaye.