Kumwita Mtoto Asiyesikia

Shule ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa namrudisha kwao Buhinyuza msichana mmoja wa darasa langu la viziwi, pale Gitega. Baba yake alikuwa amekataa kwa muda mrefu kumtoa nyumbani. Hakuogopa shule, aliogopa barabara.

"Maalimu, huyu hasikii honi," aliniambia siku aliyomleta. "Sasa ni mutoto wako. We utanirudishia yeye muzima."

Nikaitikia haraka haraka, maana kuahidi hakujawahi kunishinda.

Tulibadilisha gari Muyinga. Stendi ilifurika wasafiri wa likizo, pikipiki zikipenya kila upenyo. Kondakta alikuwa ameubana mkoba wangu chini ya gunia la mkaa, nami hasira zangu zinajulikana. Nilimwachia mtoto mkono ili niuvute mkoba na kumpasha yule kijana. Nilipogeuka, mtoto hayupo.

Nikaanza kuliita jina lake, lile la kwenye cheti, ambalo hajawahi kulisikia hata siku moja. Niliita kwa sauti yote niliyo nayo huku nikiinama kuchungulia chini ya magari. Nilijua ni upuuzi, lakini mdomo haukutaka kunyamaza.

"Mama, ita na nguvu," akanishauri muuza maharage. "Hapa iko kelele, hawezi sikia."

"Hasikii kabisa! Ni kiziwi!"

"Sasa unamuitia nini?"

Ningemjibu vibaya, ila hapo nikaliona lori la vinywaji likirudi nyuma kuelekea madukani, dereva akipiga honi mfululizo. Watu walipisha bila hata kugeuza shingo. Kila mwenye masikio alipisha. Nikamwona mtoto akilini mwangu, kalipa mgongo lile lori, anashangaa kitu fulani cha rangi rangi. Nikawaza nitamwambia nini baba yake.

Darasani nikitaka wanafunzi wanitazame, simpungii kila mtu. Nampungia mmoja, na wengine wakiona amegeuka nao hugeuka. Sijui wazo hilo lilinijiaje katika woga ule. Nilipanda juu ya magunia ya yule muuza maharage, mtandio umenikaa upande, nikapiga mayowe kama mtu aliyefiwa. Mimi, mke wa mtu na mwalimu wa watoto wa watu! Stendi nzima ikageuka. Dereva wa lori akafunga breki, akatoa kichwa dirishani. Ndipo nikanyamaza, nikainua mkono, nikagusa nyusi yangu kwa kidole, tena na tena. Hilo ndilo jina lake kwetu, kwa sababu ya kovu alilo nalo hapo.

Nyuso zote zilinielekea, wengine wakicheka. Yake sikuiona. Kisha, kwenye baraza la duka la vitenge, nikaona mikono miwili midogo ikipunga juu ya vichwa vya watu.

Alikuwa pale tangu mwanzo. Alipopotezana nami alifanya kile kile nilichowafundisha mwenyewe: panda mahali pa juu, simama hapo, ita. Nilipokuwa nachungulia chini ya magari, yeye alikuwa ananiona.

Nikamkimbilia, nikamkumbatia. Akajitoa kifuani mwangu. Macho yalikuwa mekundu kwa hasira.

"Nimekuita," akasema kwa mikono. "Nimekuita mpaka mikono imechoka. Wewe hutazami."

Nilitaka kumwomba radhi, lakini nyuma yangu lori likawaka tena nami nikashtuka, nikamkamata. Katika teksi ya Buhinyuza niliishika mikono yake yote miwili mapajani mwangu. Kila pikipiki iliyotupita iliniongezea woga, na kila mara nilikaza zaidi. Njiani alijaribu kuichomoa, akinitazama usoni. Alikuwa na neno la kusema. Sikumwachia.