Bamvua ya Tatu

Mimi uhasibu nimeusomea jioni. Nasema mapema ili mtu asije akanipa heshima isiyo yangu. Mchana nilikuwa nikibeba mifuko ya saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbagala, jioni naingia darasani na vumbi mpaka kwenye kope. Nikipiga chafya, dawati zima la mbele linapata plasta. Mwalimu wetu naye alikuwa na kibarua chake cha mchana, basi ikafika mahali yeye anasinzia ubaoni, sisi tunasinzia madawatini, na elimu inapita katikati yetu kwa kunyata isije ikatuamsha. Lakini ilipita. Nilipopata cheti, mama yangu kule Mbuchi alikifunika kwa plastiki mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya mvua, mara ya pili kwa ajili ya majirani.

Cheti hicho ndicho kilichonirudisha karibu na nyumbani. Nikaajiriwa kwa majaribio, msaidizi wa mhasibu katika tawi la chuo kikuu cha umma hapo Kibiti. Ukisikia chuo kikuu utafikiria maghorofa. Tawi letu lilikuwa majengo manne, uwanja wa netiboli, na mbuzi wa jirani waliokuwa na mahudhurio mazuri kuliko mwaka wa kwanza wote.

Watu hudhani hela ya chuo ni kama hela ya duka, unafungua droo unachota. Sivyo, bwana. Mishahara inatoka Hazina na kwenda moja kwa moja kwa wenyewe. Sisi tunaipungia mkono tu ikipita. Kinachobaki ni ada na fungu la matumizi mengineyo, na fungu hilo linakuja kama jamaa wa mjini: anasema Jumatatu, anafika Alhamisi ya wiki nyingine, na mkononi ana nusu ya alichoahidi. Hiyo nusu inagawanywa kwenye kasma, yaani vifungu vya bajeti, kila kimoja na namba yake. Umeme una kasma yake, dizeli yake, chai yake, boti yake. Shilingi ya umeme haiijui shilingi ya chai, hata kama zinalala benki moja. Kisha mwisho wa mwezi tunafunga hesabu: kila kilichotoka kiwe na karatasi, kila karatasi iwe na sababu. Makao makuu Dar es Salaam wakiona tawi halijafunga, la mwezi unaofuata haliji, na hapo ndipo utakapomwona mkuu wa tawi akinunua chaki kwa hela yake.

Aliyefunga mwezi alikuwa mhasibu wetu, mwanamke wa makamo, mtu wa bara, wa huko ambako mto ni njia ya mchanga inayosubiri mvua. Tulimwita Mama. Alikuwa na jicho la kuona shilingi mia iliyopotea ikiwa bado imo mfukoni mwa atakayeipoteza. Nilimwogopa kuliko nyoka, na nilijifunza kwake kuliko darasani.

Sasa, chuo kilikuwa na eneo la utafiti wa mikoko ndani kabisa ya delta, upande wa Kiongoroni. Wanafunzi walikwenda kupima miche. Kufika kule ni kwa boti, na boti haiingii ule mkondo siku yoyote unayotaka. Inaingia wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Siku za katikati maji ni mafu. Ukijitia ujuaji utalala kwenye tope na kaa wakikusomea dua. Kwa hiyo walimu walikubaliana na nahodha mmoja wa Mbuchi, mzee wa miaka sitini hivi ambaye mimi na yeye tunaitana mjomba, kwamba kila bamvua awapeleke wanafunzi na kuwarudisha.

Mkataba niliuandaa mimi. Fomu ya bajeti ina visanduku kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi wa mwaka wa fedha, na vyote vinapenda kufanana. Nikaandika: safari mbili kila mwezi, ishirini na nne kwa mwaka. Ilikuwa hesabu safi kiasi kwamba nilitamani kuitia kwenye fremu.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda. Kisha ukaja mwezi wa siku thelathini na moja, na tulipokaa kuufunga, Mama akasimamisha kidole juu ya karatasi.

"Hii ya tatu ni nini?"

"Safari ya boti, Mama."

"Naona ni boti, sijasema ni punda. Mkataba unasema ngapi kwa mwezi?"

"Mbili."

"Na hapa zipo ngapi?"

"Tatu. Tarehe mosi, kumi na sita na thelathini."

"Basi moja ni hewa."

Nikamwambia sahihi ya mwalimu ipo. Akasema mwalimu yule angesaini hata hati ya kifo chake, mradi asirudishiwe faili. Nikasema na wanafunzi wamesaini. Akasema wanafunzi watasaini chochote wakiahidiwa pweza. Halafu akanitazama, akisubiri nami nitoe neno.

"Hawa watu wa majini, Mama," nikasema, "wajanja sana."

Nilisema hivyo. Mimi, niliyezaliwa Mbuchi, niliyetambaa kwenye tope la mikoko kabla sijatambaa sakafuni. Nimetia chumvi mambo mengi maishani, na mengi nimeyasahau, lakini hayo maneno bado nayasikia na sauti yangu ndani yake.

Mama akafungua droo akatoa barua mbili zilizokwisha kuchapwa, akaziweka mezani. Moja ilikuwa ya kuvunja mkataba wa nahodha kwa sababu ya madai yasiyo ya kweli. Ya pili ilikuwa ya kunithibitisha mimi kazini. Akasema atazisaini zote Ijumaa, mwezi ukishafungwa.

"Nenda kamwambie mwenyewe kabla barua haijamfika. Asije akasema hakusikilizwa."

Kesho yake nikaenda Mbuchi. Nilimkuta uani anakalafati boti, anaziba nyufa za mbao, pamba mkono huu, nyundo mkono huu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umenenepa. Kumbe hela ya serikali ina mafuta."

Nikamweleza. Alipiga nyundo mara mbili tatu, akaacha.

"Wameniita mwizi?"

"Hawajasema mwizi."

"Wamesema nini?"

"Wamesema safari moja ni hewa."

"Hewa." Akalitafuna neno. "Nimebeba wanafunzi kumi na wanne, madumu ya maji, na yule binti aliyetapika kutoka hapa mpaka Kiongoroni, kisha akatapika na kurudi. Hewa nzito hiyo, mjomba. Karibu inizamishe."

Sikucheka, na si kawaida yangu.

"Haya, niambie wewe mtoto wa hapa. Mwezi huu uliokwisha bamvua zilikuwa ngapi?"

Nikafungua mdomo niseme mbili, kwa sababu ndivyo visanduku vyangu vilivyosema. Hakuningoja. Akaingia ndani, akatoka na kalenda ya msikiti, ile yenye tarehe za Kizungu kwa wino mweusi na za Kiislamu kwa kijani pembeni. Alikuwa amezungushia duara kila bamvua. Tarehe mosi, mwezi mpevu. Tarehe kumi na sita, umeandama. Tarehe thelathini, mpevu tena.

"Ramadhani ya mwaka jana na ya mwaka huu zimeanza tarehe ileile?"

"Hapana, ya mwaka huu imewahi."

"Kwa siku ngapi?"

"Kama kumi na moja."

"Na mwakani?"

"Itawahi tena."

"Hizo siku kumi na moja huwa unadhani zinakwenda wapi? Zinaliwa na mchwa?"

Nikakaa juu ya dumu. Nimefunga Ramadhani tangu nikiwa mtoto. Nimeiona inatoka kwenye kiangazi inaingia kwenye masika, na sikuwahi kuuliza. Maji hayangoji mwisho wa mwezi wa ofisi. Yanakuja kila baada ya siku kumi na nne na ushei, yanasogea kidogo kidogo ndani ya visanduku vyangu, na siku moja visanduku vinashindwa, kimoja kinabeba tatu. Mama yangu anapanda mpunga kwa hesabu hiyo bila kalamu. Mimi nilikwenda Mbagala nikalipa ada ili nisahau.

"Mjomba," akasema taratibu, "nani aliandika mbili?"

"Mimi."

Akaniangalia, akarudi kwenye nyundo yake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nikapata wazo la kihasibu, maana shetani naye amesoma jioni. Nikamwambia tunaweza kuimaliza kirahisi: ile ya tarehe thelathini tuiandike tarehe mosi ya mwezi huu mpya. Wewe unalipwa, mimi nathibitishwa, Mama anafunga. Akanyoosha kidole kwenye kalenda, ukurasa wa pili. Duara tarehe kumi na tano, duara tarehe ishirini na tisa. Ukiongeza ile ya kusukumwa, mwezi huu nao una tatu. Uongo wangu ungehitaji kusukumwa mwezi hadi mwezi kama gari bovu, na mimi nyuma yake mpaka kustaafu.

"Tena usinibadilishie siku," akasema. "Tarehe thelathini nilikuwa majini. Siku niliyokuwa majini ni yangu."

Akanikabidhi kalenda.

Njiani kurudi Kibiti nilijipa sababu nyingi, kila kijiji sababu yake. Nina mama wa kutunza. Mzee ana boti, hakosi abiria. Kosa ni la fomu. Kufika barabara ya lami sababu zote zikawa zimeshukia njiani, nimebaki na kalenda kwapani.

Nilimkuta Mama peke yake. Nikaitandaza juu ya zile barua mbili. Nilidhani nitahitaji maelezo ya saa nzima. Nilikuwa nimejiandaa mpaka na mifano ya jua. Hakuhitaji. Alihesabu maduara kwa ncha ya kalamu, akafungua mwezi wa nyuma, na wa nyuma yake, akapiga kikokotoo. Akatoka nje. Akarudi. Akapiga tena.

"Kwa hiyo mwaka una ishirini na nne, na mwingine ishirini na tano."

"Ndiyo, Mama."

"Na maji hayajali mwaka wa fedha."

"Hayajali."

"Mkataba nani aliuandaa?"

Alijua. Herufi za jina langu zilikuwa pale chini ya ukurasa. Aliuliza ili niseme.

"Mimi, Mama. Na ule ujanja wa watu wa majini nilioutaja, sikuwa na ushahidi. Nilisema tu."

Akanisogezea kompyuta. Kwenye mfumo, ukilipa zaidi ya mkataba kuna nafasi ya kueleza sababu, na chini yake jina la aliyesababisha. Nikaandika kwamba safari ya tatu ilifanyika kweli, kwamba hesabu ya mkataba ilikosewa na mwandaaji, kisha nikaandika jina langu. Nimebeba mifuko elfu ya saruji, labda elfu kumi, lakini sijawahi kubeba kitu kizito kama kile kitufe cha mwisho.

Ikabaki hela itoke wapi, kwa sababu kasma ya boti ilikuwa na hela ya safari mbili za mwezi ule tu. Hela ya umma haizaliwi, inahamishwa, na unapoihamisha lazima mtu fulani alale njaa. Mama akapitisha kidole kwenye orodha. Umeme, hapana. Dizeli, hapana. Akafika kwenye chai na sukari ya ofisi ya uhasibu, akaandika ombi la kuhamisha.

Ijumaa akaichana barua ya nahodha vipande vinne. Yangu akairudisha kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.

"Mtu anathibitishwa kwa hesabu alizofunga salama. Hii hukuifunga salama."

"Asante, Mama."

"Usinishukuru. Kalete maji ya moto, majani yapo."

Barua ilikaa kwenye droo ile miezi sita, ambayo ni bamvua kumi na mbili na ya kumi na tatu ikichungulia. Kila Mama alipotoa funguo zake roho yangu ilisimama wima kama askari wa gwaride.

Nahodha alikuja Kibiti kusaini malipo yake na mkataba mpya, ambao sasa ulisema safari moja kwa kila bamvua, basi. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Mama akasimama kumpa kiti, nami nikaleta chai ya rangi. Mzee akaonja, akakunja uso.

"Chuo kikuu kizima hakina sukari?"

"Sukari yetu imepanda boti yako, mjomba," nikasema.

Alicheka mpaka kofia ikasogea. Mama hakucheka. Akaweka kalamu chini.

"Mzee, nilikukosea."

"Wewe hukunikosea, mama. Wewe maji haya huyajui, ungejuaje?" Akageuka akaniangalia, pole tu, kama mtu anayeangalia hali ya mawingu. "Aliyekuwa anajua ni huyu."

Akaimaliza ile chai chungu mpaka chini, akaniletea kikombe nimjazie tena.