Raisa na ruta ya chumba cha heshima

Kwa jinsi mzee Pintilie anavyosimulia, ruta ya jirani yake iliuawa na maji ya baraka. Padri alikuwa akipita nyumba kwa nyumba baada ya sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, kama kila Januari, na kindoo chake na kishada cha mrehani. Akanyunyizia milango, akamnyunyizia ng'ombe, na alipofika kwa jirani huyo, Agafia, akakinyunyizia na kile kisanduku cha intaneti.

"Kilitoa moshi," Pintilie anaapa. "Niliuona kwa macho yangu haya, nikiwa uani kwangu." Ukimuuliza aliuonaje moshi wa chumbani akiwa uani, anakujibu kwamba macho yake hayana ubaya, chenye ubaya ni simu yake, ambayo tangu siku ile haishiki kitu.

Habari hiyo ndiyo iliyomtoa mjini Raisa Botnaru, fundi wa intaneti.

Ni Alhamisi, saa saba mchana. Theluji imefika magotini. Raisa, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, anashuka kwenye gari dogo lililobeba ngazi juu, anampigia mbwa mluzi ili amjue, na kabla hajafika mlangoni Pintilie ameshamwita kwenye uzio kumpa habari za moshi.

Raisa anamsikiliza mpaka mwisho. Kisha anamuuliza kama naye ana ruta. Hana. Sasa simu yake ilikuwa ikishika intaneti ya nani? Mzee anaanza kuitazama theluji. Nywila ya Agafia ni jina la ng'ombe wake, Joiana, na jina hilo kijiji kizima cha Valea Nucului kinalisikia kila jioni akiitwa zizini.

"Kumbe mzee ulikuwa unakamua ng'ombe wa mwenzio," Raisa anamwambia.

"Chuchu moja tu, mwanangu. Nyingine zote nilimwachia mwenyewe."

Raisa anacheka njia nzima hadi mlangoni. Kazi hii, anasema, bila kucheka ungeiacha.

Aliianza kwa kushika ngazi. Shemeji yake alikuwa fundi wa kampuni ndogo ya nyaya, yeye akawa anamshikia, huku akiangalia waya gani unaingia wapi na taa ipi ikizima ina maana gani. Shemeji akaenda Ujerumani, akaacha ngazi. Raisa akaichukua. Sasa ni mwaka wa nne anazunguka vijiji hivi vya kaskazini mwa Moldova, kwa mshahara ambao haufiki nusu ya aliokuwa akipata Italia akimlea bibi wa watu.

"Wateja wangu karibu wote ni akina mama," anasema. "Mtoto yuko Italia, ananunua ruta kutoka kule kule, ananipigia, anasema dada nenda kaniwekee kwa mama."

Agafia ni mmoja wao. Ana miaka sabini na sita. Binti yake wa pekee, Silvia, anamtunza mzee mgonjwa karibu na Bologna, na mapumziko yake ni Alhamisi alasiri na Jumapili. Kwa hiyo saa nane leo atapiga simu, na wiki nzima iliyopita kila akipiga sura yake inaganda, mdomo wazi, halafu inapotea. Agafia hajalala vizuri tangu hapo. Anaogopa binti atadhani mama ameanguka mahali na hakuna wa kumwinua.

Anamwongoza Raisa moja kwa moja hadi chumba cha heshima.

Kila nyumba ya huku inacho. Mazulia ya mahari yametandazwa ukutani, mito imepangwa juu ya sanduku mpaka inakaribia dari, na hakuna anayelala humo. Ni chumba cha mgeni, cha bibi harusi na cha maiti. Kitu kizuri kikiingia nyumbani mahali pake ni hapo, na ruta ya Silvia ililetwa hapo ikakalishwa dirishani. Haikuwa mbaya. Kwa dirisha lile mawimbi yalivuka ua, yakafika jiko la nje, na makombo yakamfikia Pintilie.

Lakini padri alipokwisha kuibariki, Agafia akaona si adabu kitu kilichobarikiwa kukaa dirishani kama chungu cha maua. Waya ulikuwa mrefu. Akaihamishia pembe ya mashariki, chini ya picha takatifu, akaifunika kwa taulo ileile iliyotariziwa ambayo huvishwa picha yenyewe. Mbele yake kuna kabati la kioo. Nyuma yake kuna ukuta wa matofali ya udongo na mabua, mnene kama urefu wa mkono wa mtu mzima.

Raisa anainua taulo kwa vidole viwili. Taa zote zinawaka.

"Ni mzima, shangazi. Ila umemvisha blanketi."

Anamweleza taratibu. Ukiwa uani ukamwita Joiana anakuja. Ukijifungia kabatini ukamwita, atakuja? Ruta nayo ni sauti. Kioo kinairudisha, udongo unaimeza. Ingefaa ikae kule anakoshinda, kwenye jiko la nje, juu ya rafu, wazi.

Agafia anatikisa kichwa. Jikoni ni kwa masufuria. Raisa anajaribu tena, anaambiwa ile ni zawadi ya mtoto, haiwezi kukaa na vitunguu. Anajaribu mara ya tatu, na safari hii bibi anamjibu kwa ukali kwamba amemwita atengeneze ruta, hakumwita aje ampange nyumba.

Hapo ndipo Raisa anakiona kiti. Kimewekwa mbele ya zulia jekundu, na juu yake kuna koti la manyoya. Chini kuna viatu vizito vya sufu. Pumzi zao zinatoka kama mvuke wa sufuria, maana chumba hiki hakijawashiwa moto tangu mwaka juzi. Bibi anakohoa, anageukia ukuta, anakohoa tena.

"Mkiongea na Silvia unakaa hapa?"

Agafia anajibu kwamba koti halionekani kwenye simu, analivua kabla hajampokea.

Fundi haondoki bila kula, basi wanavuka ua hadi jikoni. Kuna chapati za boga, jibini ya kondoo, na divai kwenye kikombe. Kuna pia kitanda, kimesukumwa hadi kwenye jiko la udongo. Dirisha limefungwa nailoni. Ukuta wa juu ya kitanda una ufa tangu vuli, na unyevu umeuchora ramani ya kijani. Silvia anaamini mama yake analala nyumba kubwa, penye joto. Mtu mmoja, anasema Agafia, hawezi kuipasha moto nyumba nzima, na binti akiujua ukuta huu ataacha kazi apande basi kesho.

Raisa anakula. Akimaliza anaweka kikombe chini, anaanza kuzungumza huku akiangalia jiko.

"Mimi kule nilikuwa nalala kwenye korido, shangazi. Kitanda cha kukunja, mlangoni kwa yule bibi, ili akiita nisikie. Sebuleni kwao kulikuwa na ukuta mmoja mzuri, una maua. Alhamisi nikimpigia mama nakwenda kukaa mbele ya ukuta ule. Miaka sita. Mama naye alikuwa anakaa mbele ya mazulia."

"Hukumwambia?"

"Kila mtu alikuwa na ukuta wake."

Agafia anazikunja ncha za kitambaa chake cha kichwa, anazikunjua. Kila akipiga simu, nyuma ya Silvia huwa kuna kochi la kijani. Kijiji kizima kinalijua kochi hilo, mwenyewe amewasifia, mpaka kwa padri. Anamuuliza Raisa kama mtu anayemtunza mgonjwa huwa anakalia kochi kama lile. Raisa anasema hajui, kila nyumba na mambo yake.

Bibi anainuka, anaondoa vitunguu kwenye rafu, anapangusa kwa kiganja.

"Ilete," anasema. "Ile taulo iache kwa mwenyewe, pale kwenye picha."

Raisa anapandisha ngazi, anapitisha waya chini ya paa hadi jikoni, anatoboa tundu dogo juu ya mlango na kuliziba kwa udongo ili baridi isiingie. Akiwa juu ya ngazi anasema anachotaka ni kimoja, kabla miti ya matunda haijachanua: arudi kila nyumba aliyofunga ruta, aulize mama analala wapi, na ruta ikae hapo. Kampuni haijamtuma. Atafanya siku zake za mapumziko.

Saa nane simu inaita. Safari hii sura ya Silvia inakuja safi, hata kijikovu cha nyusi kinaonekana. Anaanza kumsalimu mama yake, halafu anakatiza.

"Mama, hapo ni wapi?"

Agafia anaigeuza simu polepole, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa: kitanda, nailoni, ufa, ramani ya kijani. Kisha anairudisha usoni mwake. Anamwambia ndipo anapolala, pana joto, na ukuta utazibwa majira ya kuchipua. Silvia analia, anagomba, anauliza tangu lini. Mama anamwacha agombe mpaka aishiwe.

"Sasa na wewe, mwanangu. Ondoka kwenye hilo kochi. Nionyeshe unapolala."

Sura ya Silvia haisogei. Kwa mazoea Raisa anainua macho kuitazama ruta rafuni. Taa zote zimetulia. Anaitazama tena simu. Mtandao haujaganda. Silvia anapepesa macho, na nyuma yake pazia linatikisika.

"Mimi nimeshageuza yangu," anasema Agafia. "Geuza, mama."